Mume Asiyetiwa Alama

Dobi wa mtaa wetu hakuwahi kupoteza nguo ya mtu. Alilisema hilo mwenyewe, kwa majivuno kidogo, na kwa kuwa lilikuwa kweli hakuna aliyembishia. Alikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Ndani mlikuwa na meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, na nyuma palikuwa na ua mdogo wa kamba na mabeseni. Wanga wa kukazia nguo aliuchemsha mwenyewe kwenye sufuria isiyopikiwa kitu kingine. Pasi ya mkaa aliipima moto kwa kuisogeza karibu na shavu, kama mtu anayesikiliza siri.

Kazi yake ilianza kwa sindano, si kwa maji. Nguo ikiletwa, kabla hajailoweka, aliigeuza na kuitia alama ya uzi upande wa ndani wa kola au wa kiuno cha suruali. Mwalimu alikuwa na uzi wa kijani uliolala. Mke wa mwokaji mikate alikuwa na uzi mwekundu uliopishana. Hata mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa na alama yao pembeni, mshono mfupi wa buluu ambao mgeni hawezi kuuona. Ungeweza kumchanganyia nguo za mtaa mzima kwenye beseni moja, na kufikia jioni kila moja ingekuwa imekunjwa katika furushi la mwenyewe.

Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, na shangazi alimwachia kanuni ambayo Dobi hakuivunja. Alama ni ya mali ya watu. Cha nyumbani kwako usikitie, maana ukikitia umekubali kwamba kinaweza kuchanganyika na vya wengine. Cha kwako moyo unakijua.

Ni kanuni inayopendeza masikioni. Wengi wetu tunaishi kwa kanuni za namna hiyo. Tunaziita mapenzi, na ndani yake mna kiburi.

Mumewe alikuwa mvuta mkokoteni. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mkimya, mwenye macho makubwa yaliyolowa kidogo muda wote kana kwamba ametoka kukata vitunguu. Walioana wote wakiwa watu wazima, wakati ndugu zao walishaacha kuulizia, na hawakujaliwa mtoto. Dobi alimwita Mpole. Alfajiri Mpole alimchotea maji ya kufulia kwenye bomba la mtaa, ndoo baada ya ndoo, ndipo akaenda kutafuta mizigo yake sokoni. Jioni alirudi akachukua mafurushi yaliyopigwa pasi na kuyapeleka majumbani. Hakuna aliyemsikia akiguna. Alipomaliza yote alisimama nyuma ya mkewe pale mezani, akainama, akaweka paji la uso wake begani kwa mkewe, akakaa hivyo kimya mpaka mkaa wa pasi ulipoanza kupoa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Dobi hakugeuka wala hakuacha kupiga pasi, ila mkono wake ulipunguza mwendo.

Mkabala na mlango wao alikaa fundi viatu, mtu mwenye ulimi mrefu kuliko uzi wake. Huyo ndiye aliyeanza.

"Jamani, mpisheni punda wa dobi!" alipaza sauti kila Mpole alipopita na ndoo. "Shemeji, leo umepewa majani au umepewa fimbo?"

Watu walicheka. Msemo ni wa zamani, kila mtu anaujua: punda wa dobi, mzigo wake hauishi na shukrani haijui. Ukaenea. Watoto wakaushika, wauza mboga wakaushika, ikafika mahali mtu mgeni akiulizia mvuta mkokoteni anaelekezwa, "Yule punda wa dobi? Nyumba ile." Mpole hakujibu hata siku moja. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo akaendelea na ndoo zake.

Dobi naye alicheka. Lazima lisemwe, kwa sababu mengine yote yamesimama juu yake. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mke anavyochekea mzaha wa jirani ili asionekane ana roho ndogo. Siku moja aliudaka mzaha wenyewe akaurudisha: "Mwacheni punda wangu, nyie mna wivu hamna wa kuwabebea!" Barabara nzima ikaangua kicheko, na Mpole, aliyekuwa ameinama akiweka ndoo chini, alikaa ameinama muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kinywa ni jumba la maneno, wahenga walisema. Hawakusema maneno yakitoka mle jumbani huenda kuishi wapi.

Aliyegundua kwanza alikuwa Dobi, na aligundua kwa nguo. Kola ya shati la mumewe ilianza kupanuka. Katikati ya nyuzi za kitambaa, mahali pa shingo na mgongo, kulikuwa na nywele fupi za kijivu, ngumu, ambazo hazikutoka kwa sabuni wala kwa brashi. Aliziondoa moja moja kwa kucha. Harufu nayo ilibadilika. Jasho la mumewe alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani, na hili halikuwa lake. Hili lilikuwa la vumbi la jua na majani makavu.

"Wewe, unashinda na mifugo ya nani?" alimuuliza.

"Nashinda na mkokoteni wangu."

"Mkokoteni hauoti manyoya."

Mpole aliangalia mikono yake. Kucha zilikuwa zimenenepa na kuwa nyeusi. "Mke wangu," alisema polepole, "mimi sioni kama ni uchafu. Usichoke bure kusugua."

Lakini Dobi alikuwa mtu wa kuamini kwamba hakuna doa lisilotoka, ila kuna mfuaji aliyekata tamaa. Alisugua. Aliongeza dawa ya madoa mpaka shati likawa jembamba kama utando wa kitunguu. Masikio ya mumewe yaliporefuka alimshonea kofia ya kitambaa kizito yenye mashavu ya kufunika. Miguu ilipokataa viatu alimtengenezea vya turubai, vipana mbele. Suruali aliziongeza mapajani na kuzibana chini. Kila badiliko alilipokea kwa mkasi na sindano, na kila Mpole alipotoka mlangoni alionekana mtu wa kawaida aliyevaa vibaya. Watu husifu mapenzi ya namna hii, ya kusitiri. Mimi naona kusitiri kukizidi ni njia nyingine ya kukataa kutazama.

Dada mkubwa wa Mpole alifika kuwatembelea katika siku hizo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa hajaketi vizuri alipomvua mdogo wake ile kofia bila hata kumwomba radhi.

Akayatazama masikio. Dobi alisimama na pasi mkononi, akingojea ukelele. Hakukuwa na ukelele.

"Ya baba haya," wifi mtu alisema. "Haya haya."

"Wifi, unasema nini? Baba yenu si alisafiri?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tuseme." Alimrudishia mdogo wake kofia taratibu, akaifunga vizuri chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto. "Sisi kwetu, wifi yangu, neno likirudiwa sana linaingia. Baba walimwona mpole, wakamwita hivyo hivyo alivyoitwa huyu. Mama akawa anacheka nao. Nimeusikia mzaha wenu huo tangu naingia mtaani. Yule fundi viatu ananielekeza huku ananiambia, nenda kwa punda wa dobi!"

"Ni mzaha tu."

"Na wa baba ulikuwa mzaha."

Dobi aliweka pasi chini. "Sasa nifanye nini?"

"Kuzuia umechelewa. Mama alikosa jambo moja tu lililokuwa mkononi mwake, naye alilijutia mpaka kufa: hakumtia alama. Basi wewe mtie. Wewe ndiyo kazi yako."

Alama hiyo Mpole mwenyewe aliiomba. Ilikuwa mchana wa jua kali, wifi ameshaondoka, na Dobi ameketi kizingitini na rundo la mashati, anapitisha uzi kwenye kola. Mpole alikuja akapiga magoti mbele yake. Maneno yalikuwa yameanza kumtoka kwa shida, yakija na pumzi ndefu katikati. Akavua kofia, akaelekeza sikio moja kwenye sindano.

"Nitie."

"Nikutie nini?"

"Alama. Kama ya mwalimu. Rangi yoyote."

Dobi alicheka, na machozi yalikuwa karibu. "Wewe ni shati la mtu? Cha kwangu sikitii alama mimi. Hata wakikuchanganya na elfu, nitakutoa."

"Nitie tu, mke wangu. Roho itatulia."

"Mpole, nimesema sitaki. Nikikutoboa sikio nimekubali kwamba wewe ni mnyama. Nitakujua. Hivi kweli unadhani sitakujua?"

Mpole aliendelea kupiga magoti, ameshikilia sikio lake kwa vidole vilivyokuwa vimekaribia kugandamana. Halafu alisimama, akaichukua kofia, akaenda kuchota maji. Ombi lile la alama ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kusikika.

Asubuhi moja shati lake lilikuwa sakafuni kando ya kitanda, halikuchanika popote, vifungo vyote vimefunguliwa kwa uangalifu. Punda alikuwa amesimama uani katikati ya kamba za nguo. Alikuwa wa kijivu, na mstari mweusi ulishuka mgongoni mwake na kukatwa na mwingine mabegani, kama walivyo punda wengine wote. Dobi alimtazama, naye akamtazama kwa yale macho yaliyolowa. Hakupiga kelele. Alimletea maji kwenye beseni safi, na alipoinama kuliweka, punda alimsogelea akaweka paji la uso begani kwake.

Kwa hiyo siku ile alimjua. Na kwa sababu alimjua, akaona hakuna haja ya lolote zaidi. Majirani walioulizia aliwajibu kwamba mumewe amesafiri. Fundi viatu aliona punda uani kupitia mlango uliokuwa wazi, akafungua mdomo kusema neno lake la kila siku, akaufunga.

Dobi hakumfunga kamba. "Mume hafungwi," alijisemea. Alimtandikia shati lake mgongoni, lililopigwa pasi, na mambo yakaenda hivyo kwa muda, yeye akipiga pasi na punda akisimama nyuma yake, paji begani. Huenda, kwa namna yao, waliishi vizuri.

Lakini nguo za watu lazima zifike, na sasa hapakuwa na wa kuzipeleka. Siku ya kupeleka mashuka nyumba ya wageni, Dobi alijitwika furushi mwenyewe, akaurudisha mlango wa uani bila kuutia komeo. Wakati huo punda wa tanuri la matofali walikuwa wanapita kwenda bombani kunywa maji, kundi kubwa, wamechoka, wamejaa vumbi jekundu. Mpole alikuwa amezoea kwenda bombani. Kwenda bombani ndiko kulikokuwa maisha yake. Alitoka akaenda.

Dobi alipokuwa anarudi aliliona shati kwanza, limekanyagwa matopeni karibu na bomba. Akakimbia. Kundi lote lilikuwa limeinamisha vichwa kwenye birika la kunyweshea, wote wa kijivu, wote na mstari mweusi uliokatwa mabegani, na vumbi jekundu la waliokuwa mbele lilikuwa limeshawaangukia walio nyuma, hata hapakuwa na mgeni wala mwenyeji.

Msimamizi wa tanuri alikuwa mtu mkavu, aliyeshika fimbo kwa mazoea. "Mama, vipi? Unawashtua."

"Mmoja ni wangu."

"Hakuna neno. Mchukue."

Dobi alipita katikati yao akiwashika vichwa. Macho yote aliyoyatazama yalikuwa makubwa, yamelowa, na yalimvumilia. Kila aliyemdhani ndiye, akimwacha, yule wa pembeni alionekana kuwa ndiye zaidi.

"Mpole!" aliita. Vichwa kadhaa vikainuka kwa pamoja, maji yakidondoka midomoni. Hakuna aliyekuja. Fimbo ilikuwa karibu.

"Wako ana chapa gani?" msimamizi aliuliza. "Kovu? Sikio lililokatwa? Sema alama yake nikusaidie kutafuta."

"Hana alama."

"Hana hata moja?"

"Wa kwenu wako wangapi? Ukiwahesabu, atakayezidi ni wangu."

Msimamizi alicheka, wala hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, kule kwetu hawahesabiwi punda. Yanahesabiwa matofali. Kila tofali lina muhuri wa tanuri, nenda kaangalie. Punda anakufa, analetwa mwingine, nani anamwandika?" Alingoja kidogo kwa adabu. "Basi chukua yule ambaye una uhakika naye."

Dobi alisimama katikati ya kundi pale bombani, mwanamke ambaye hajapoteza hata leso ya mtu, mikono yake ikiwa juu ya shingo mbili. Hakuwa na uhakika na hata mmoja. Kundi likaswagwa, likaondoka.

Tangu siku ile alianza kwenda tanurini. Alipiga pasi asubuhi, na mchana ulipotulia alichukua ndoo na vitambaa akaenda. Ndani ya kundi lile alikuwamo mumewe, ila hakujua ni yupi, kwa hiyo hakuweza kumwacha yeyote. Vidonda vya mizigo alivisafisha kwa maji ya chumvi. Kwa mashuka yaliyochakaa alishona matandiko manene ya kuweka chini ya mizigo, yenye mshono wa kulala ambao haukwaruzi. Msimamizi alipoinua fimbo Dobi alisimama kati yake na mnyama.

"Huyu naye ni mumeo?" msimamizi aliuliza siku moja. Alikuwa ameshasikia maneno ya mtaani.

"Sijui."

"Na kama siye?"

"Basi ni wa mwingine ambaye hajafika kumtafuta."

 Fimbo msimamizi aliendelea kuibeba, lakini kwa muda mrefu ilifanya kazi ya kumwegemeza tu.

Mwanzoni Dobi aliendelea kutumaini ile ishara, paji la uso begani. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama pekee ambayo Mpole alijitia mwenyewe. Alijua kwamba woga ukiwatoka, mumewe atajitokeza kwa ishara yake. Na kweli, alasiri moja, akiwa ameinama anakamua kitambaa, alihisi uzito wa kichwa ukitua begani kwake. Aligeuka akamkumbatia shingo yule mnyama, akalia mpaka wachoma matofali wakaacha kazi. Kesho yake alikuja na kamba mpya na shati. Kabla hajafika kwa yule wa jana, punda mwingine alimsogelea, mdogo, jike, akaweka paji lake begani hapo hapo.

Kamba aliirudisha nyumbani.

Kisha punda mmoja akafa chini ya mzigo njiani. Dobi alifika wakati wanataka kumburuta kumtupa. Aliomba maji. Alimwosha vumbi lote, akamfunika shuka jeupe la wanga alilokuwa anampelekea mteja, la kwanza maishani mwake kutofika kwa mwenyewe. Wifi yake alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo, akamkuta ameketi mezani, pasi imepoa.

"Wifi, wewe sasa ni mjane au una mume?" aliuliza. Mara hii sauti yake haikuamrisha.

"Ungenijibu wewe ningekushukuru."

"Tusikilizane. Mchague mmoja. Yeyote mwenye macho mema. Mwite jina lake, umlete hapa uani, umtandikie shati lake, uishi kwa amani. Mama alikosa hata huyo wa kujidanganya naye."

Dobi alichezea uzi mweupe kwenye sindano. "Nimelifikiria hilo sana," alisema. "Lakini wifi, nikimkosea je? Nimeshika shingo ya huyu, namwita mume wangu, namleta nyumbani. Na yeye mwenyewe amesimama nyuma pale na mzigo mgongoni, anasikia."

Wifi mtu alifuta uso kwa kanga yake, hakulirudia tena.

Hivyo ndivyo Dobi anavyoishi, na wanaopita barabara ile wanaweza kumwona. Fundi viatu bado yupo mkabala. Hajawahi tena kumpa mtu jina, na akisikia mtoto akimpa mwenzake jina la mnyama huinuka na kiatu mkononi. Kundi la tanuri hurudi jioni likipita mlangoni pake kwenda kunywa, na msimamizi ameacha kuwaharakisha mahali hapo. Dobi hutoka akasimama kizingitini, shati la Mpole limekunjwa mkononi, kola imenyooka. Mmoja baada ya mwingine wanasimama mbele yake, na kila mmoja anainamisha kichwa na kumwekea paji la uso begani. Amewafundisha mwenyewe, kwa mkono wake mwema, bila kukusudia: ishara iliyokuwa ya mmoja sasa ni ya wote, na ameifuta kama alivyofuta kila doa alilowahi kuletewa.

Anasimama imara mpaka wa mwisho apite. Hamwiti yeyote.